Kushoto Kidogo, Baba

Baraka, 19 Mei 1957

Kwa Shangazi yangu Kulthumu,

Assalaam aleikum. Huku kando ya ziwa tunaamka salama, na ninaomba nanyi huko mlimani Fizi muwe mnaamka hivyo hivyo, wewe na Mzee Waziri, na dada Latifa na mzigo wake tumboni. Mgongo wako unaendeleaje? Mama anakusalimu sana. Anasema mkeka uliomtumia umefika na hajaukalia bado, anauonyesha wageni tu.

Shangazi, nimepata permi ya kuendesha gari! Nilikwenda Uvira kwa boti ya Fabien. Mzungu wa polisi akapanda nami garini, tukaenda mpaka sokoni na kurudi, halafu akaniamuru nirudi nyuma kati ya madumu mawili. Sikugusa hata moja. Akaniuliza umri, nikamwambia miaka kumi na minane, imetimia Ramadhani hii. Akagonga muhuri, akacheka, akasema nina mikono mizuri.

Sasa ni mimi ninayeendesha kamyoneti ya Baba. Tunapandisha samaki, ndagala wakavu, mpaka Fizi, mara nyingine tunafika hata Lubondja, tunarudi na mpunga na mihogo. Baba anakaa pembeni yangu akisikiliza mota. Hata kwenda msikitini ananiambia tutoke na gari, na unajua msikiti ulipo, mtu akikohoa nyumbani kwetu imamu anasikia. Watu wanamsema Baba, eti Yunusu amekuwa mkubwa, miguu yake haitaki tena vumbi. Baba anacheka nao.

Ila kuna maneno yamefika hapa. Wanasema baraza la teritwari yetu ya Fizi linataka kuongeza umri wa kuendesha, kwamba kijana asishike volani ya gari mpaka afike ishirini na mmoja. Mzee Waziri si anakaa kwenye baraza hilo? Tafadhali mwambie mwanawe wa huku Baraka anaendesha polepole.

Mwanao,
Lukmani

*

Fizi, 2 Juni 1957

Mwanangu Lukmani,

Waaleikum salaam. Barua yako ilinikuta mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha kila mvua ikikaribia. Latifa anavimba miguu lakini anakula vizuri. Msalimie mama yako, mwambie mkeka ni wa kukalia. Na baba yako mbona haniandikii siku hizi? Tulifundishwa herufi na baba mmoja, kwenye ubao mmoja, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mwambie dada yake mkubwa amekasirika.

Kuhusu permi, nimefurahi kwa sababu umefurahi. Zaidi ya hapo sitakudanganya.

Unamkumbuka Casimir, mtoto wa Florentine, jirani yangu wa nyuma? Alikuwa na umri wako na permi kama yako. Siku ile aliteremka mteremko wa hapa Fizi na lori la pamba, pamba imepanda juu kuliko nyumba, anashindana na mwenzake nani atafika chini kwanza. Nilikuwa nachambua mchele. Niliusikia mlio wa mota ukipanda, ukipanda, halafu nikasikia watu. Mimi ndiye niliyemshika Florentine mikono alipotaka kwenda kumtazama. Mpaka leo anaulizia kofia ya mtoto. Haulizi kitu kingine, kofia tu.

Basi Mzee Waziri aliponiuliza, akila, aseme nini kwenye baraza, nilimjibu: ishirini na mmoja. Kijana wa miaka kumi na minane ana miguu ya mtu mzima na kichwa cha mbuzi dume. Nakwambia mwenyewe, kwa mkono wangu, usije ukasikia kwa mwingine. Utanikasirikia. Nikasirikie ukiwa hai.

Shangazi yako,
Kulthumu

*

Baraka, 16 Juni 1957

Kwa Shangazi Kulthumu,

Salaam nyingi. Sisi wazima. Pole kwa Casimir, na mpe pole mama Florentine, mwanawe nilimfahamu, tulicheza naye mpira.

Lakini Shangazi, Casimir alishindana. Mimi sishindani na mtu. Mbona nilipe mimi mbio za Casimir? Kuna shoferi hapa Baraka, Alphonse, ana mvi kichwa kizima, na kila asubuhi anakunywa pombe ya ndizi kabla hajawasha lori. Yeye amri hiyo haimgusi. Mwezi uliopita aliingia na lori kwenye ukuta wa shule, akashuka, akaukaripia ukuta. Kama wanataka kupima watu, wampime na Alphonse. Waangalie mtu anavyoendesha, wasihesabu miaka yake kama wanahesabu ng'ombe wa mahari.

Nakuomba, rudi kwa Mzee Waziri umwambie umebadili mawazo. Si kwa ajili yangu. Kuna sababu nyingine ambayo siwezi kuiandika, nimeapishwa. Wakininyang'anya permi, kitatokea kitu nyumbani kwetu. Siwezi kusema zaidi, lakini wewe unanijua, sijawahi kukutisha kwa uongo.

Baba anakusalimu. Anasema vumbi la kiangazi linamsumbua, ataandika likitulia.

Mwanao,
Lukmani

*

Fizi, 14 Julai 1957

Mwanangu,

Nakusalimu, na najua hutaki salaam zangu leo. Mgongo umetulia. Latifa bado.

Imepita. Ishirini na mmoja, kwa teritwari nzima, na wote walio chini ya hapo warudishe permi zao ofisini kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee Waziri alisema kwa dakika nyingi, watu wakampigia makofi. Mmoja tu alipinga, Anatole wa Lubondja, aliuliza nani atawapelekea mpunga wao sokoni. Walimnyamazisha.

Nilisoma barua yako mara nyingi. Kijana akinyimwa kitu anachokipenda husema kuna siri kubwa nyuma yake. Nami nilikuwa kijana. Kama kuna sababu, iseme. Kama huwezi kuisema, siwezi kuipigania.

Miaka mitatu si mingi. Kaa pembeni, baba yako aendeshe mwenyewe kama zamani. Aliendesha kabla hujaota meno.

Shangazi yako,
Kulthumu

*

Baraka, 21 Julai 1957

Shangazi,

Salaam. Mama mzima, mimi mzima. Baba ndiye nitakayekueleza habari zake, na Mungu anisamehe kiapo nilichovunja.

Baba haoni.

Ilianza mwaka juzi. Alisema kuna moshi mbele ya vitu. Sasa katikati hamna kabisa, anaona kidogo pembeni, kama mtu anayechungulia kwenye pazia. Anamwaga chai kando ya kikombe. Juzi alimsalimia mti wa mpapai wa jirani, akamwuliza habari za watoto. Mama analia jikoni kisha anatoka anacheka. Ndiyo maana hakuandikii. Ndiyo maana tulikwenda msikitini na gari, ili watu wasimwone anavyopapasa. Hataki mtu ajue, na hasa hataki wewe ujue. Alisema, "Dada ataniona kama mtoto tena." Mashoferi wenye permi na umri wamechukuliwa wote na migodi, aliyebaki ni Alphonse. Na Baba anasema siku atakapokubali kukaa nyumbani ndiyo siku ya kumshonea sanda.

Kwa hiyo tangu nirudishe permi, anaendesha yeye. Mimi nakaa pembeni. Permi yake ni nzuri, ina muhuri, ya mwaka 1938. Polisi pale darajani Mutambala anatusimamisha, anaitazama, anampigia Baba saluti. Halafu ananigeukia mimi: "Weye mutoto, usiguse volani, unasikia? Amri iko kali." Tukishampita naanza tena. Kushoto kidogo, Baba. Nyoosha. Kuna mama na ndoo. Kushoto kidogo. Freni, Baba, freni.

Juzi nilichelewa kusema. Ilikuwa baiskeli. Yule mtu alijitupa majanini, akatutukana, Baba akaniuliza alikuwa nani. Nikamwambia hakuna mtu.

Shangazi, niombee ruhusa hata ya karatasi moja, hata ya barabara hii moja tu. Lakini usiseme sababu. Ukiisema watamchukua na permi yake, na yeye atajua ni mimi.

Mwanao,
Lukmani

*

Fizi, 4 Agosti 1957

Mwanangu Lukmani,

Salaam kwako na kwa mama yako. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Nimemwuliza Mzee Waziri kwa mbali, je, kijana mwenye baba mgonjwa hawezi kupewa ruhusa? Akanitazama. "Nani mgonjwa?" Nikasema hakuna, nauliza tu. Akasema, "Wewe mwenyewe ulinipa neno hili. Nikianza kulitoboa kwa mtoto wa shemeji yangu, watasema nini?"

Ningeshuka Baraka leo hii, lakini Latifa ameanza uchungu na mkunga anasema mtoto amekaa vibaya. Nikimaliza hapa nakuja mwenyewe, nitamshika Yunusu sikio kama zamani. Mpaka nifike, ficha ufunguo. Utupe ziwani kama hapana budi. Sema nyani wamechukua, sema lolote. Usimwache apande barabara hii. Nakuomba kwa maziwa uliyonyonya.

Shangazi yako,
Kulthumu

*

Gereza la Uvira, 8 Septemba 1957

Kwa Shangazi,

Nasikia Latifa amejifungua mtoto wa kike na wote wazima. Alhamdulillahi. Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa herufi za babu, za kiarabu, kwa hiyo mlinzi akiigeuza barua hii anafikiri ni dua. Fabien ataileta.

Nilificha ufunguo. Baba aliutafuta kwa mikono chumba kizima, chini ya vitanda, ndani ya mchele. Mama, aliyejua nilipouficha, akashindwa kumtazama akampa.

Ilikuwa asubuhi, siku ya soko la Fizi. Tulipita darajani, saluti kama kawaida. Baada ya pale kuna kona ambapo jua linakupiga usoni. Kwake halikuwa na tofauti. Lilinipiga mimi. Nilifumba macho kidogo, Shangazi, kidogo tu. Nilipofumbua mama mmoja alikuwa mbele yetu na kikapu chake kichwani. Nilisema kushoto. Baba akazungusha kushoto, na yeye mama akakimbilia kushoto.

Anaitwa Dorothée. Alikuwa anakwenda kuuza mihogo.

Gari lilikuwa linaanza kuteremka lenyewe, Baba ameshashuka, anapapasa barabarani anauliza, "Nimegonga nini? Lukmani, nimegonga nini?" Nikaruka upande wake nivute freni ya mkono. Watu waliotoka shambani wakanikuta hapo, nimekaa kwenye volani. Polisi akaja akikimbia kutoka darajani. "Nani aliendesha?" Nilimtazama Baba. Alikuwa ameupa mgongo mwili wa yule mama, anatazama shamba tupu, hajui uko upande gani.

Nikasema, "Njo miye, bwana. Tulibadilishana baada ya daraja."

Nilingoja Baba aseme kitu. Hakusema, Shangazi.

Nimefungwa miezi kumi na minane, kwa kuua na kwa kuendesha bila permi. Mimi ni kijana, itapita. Yeye hapa angekufa wiki ya kwanza. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu, nyamaza. Watu watasema maneno juu yangu, waache waseme.

Mwanao,
Lukmani

*

Fizi, 22 Septemba 1957

Mwanangu,

Sina salaam za kutosha. Tumempa mtoto wa Latifa jina la mama yetu.

Nilikwenda kwenye matanga ya Dorothée. Ameacha watoto wanne na mume asiyeweza kupika uji. Nilisema mimi ni shangazi wa kijana. Nilidhani watanifukuza. Mama mkwe wake alinyanyuka akanipa kiti chake.

Mzee Waziri alisimama tena kwenye baraza. "Mnaona?" akasema. "Mlisikia wengine wakiuliza kwa nini tumewakataza vijana. Nendeni Mutambala mkaone damu. Na huyu ni wa nyumbani kwangu, sikumficha!" Wakampigia makofi kuliko mara ya kwanza. Nilikuwa nje na akina mama. Wote waligeuka kunitazama kwa huruma.

Nimenyamaza kama ulivyoomba. Nikimtazama mume wangu akila nataka kumpokonya sahani. Nimempelekea baba yako maneno mara mbili aje, anajibu anaumwa. Sijui nitanyamaza mpaka lini, Lukmani. Usinitegemee sana.

Shangazi yako,
Kulthumu

*

Uvira, 6 Oktoba 1957

Shangazi,

Fabien amekuja kunitazama leo na ndizi. Tulikuwa tunaongea tu, habari za ziwa, habari za nyumbani. Akaniambia, "Baba yako amepata nguvu, mshukuru Mungu. Gari limetengenezwa. Alhamisi nimemwona akipakia ndagala."

Nikamwuliza, na nani anayeendesha?

"Mwenyewe."

Na nani amekaa pembeni?

Akasema hamna mtu. Mama alitaka kupanda, Baba akamwambia mwanamke hajui barabara.

Shangazi, nilidhani nimemkinga. Nimemwachia njia tu. Permi yake bado ina muhuri, polisi bado atampigia saluti, na mimi niko huku nyuma ya mlango wa chuma nasema kushoto kidogo, kushoto kidogo, wenzangu wanafikiri nimepata wazimu.

Lile neno nililokuomba nalirudisha. Sema. Mwambie Mzee Waziri, mwambie mzungu, panda juu ya meza ya baraza useme. Siku ya soko ni Jumamosi. Usingoje kunijibu.

Lukmani

*

Fizi, 20 Oktoba 1957

Mwanangu Lukmani,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, na baba yako yuko hai. Naanza na hayo ili usome yaliyobaki bila kukimbia.

Barua yako ilinifikia Jumamosi yenyewe, jua limeshapanda. Mzee Waziri alikuwa amekwenda Lubondja. Ofisini waliniambia nije Jumatatu. Sikuvaa hata viatu. Niliteremka mpaka pale barabara inapoanza kupanda, palipo wazi, nikasimama katikati na kanga yangu nyekundu. Watu wa soko wananipigia kelele, "Mama, toka! Unataka kufa?" Nikawaambia ndiyo, niacheni.

Akaja. Alikuwa anakwenda taratibu, tairi la kulia linalamba majani ya ukingoni. Ndivyo alivyojua barabara inapokwisha, kwa sauti ya majani. Hakupunguza mwendo. Nilikuwa namwona uso, Lukmani, nauona vizuri kabisa, ametulia kama mtu anayesikiliza Kurani. Nilipunga kanga. Nikasema moyoni, ataniona sasa. Sasa. Halafu nikapiga yowe jina lake, na akafunga freni, mkono wangu uko juu ya bati la mota, linaunguza.

Akatoa kichwa dirishani. Ilikuwa mchana, hakuna hata wingu.

"Ni nani huyo?"

Nilitaka anione.

"Mama, toka njiani, nina samaki hapa. Wewe ni nani?"

Nikasema, "Ni dada yako."

Alizima mota. Alikaa, mikono juu ya volani, kisha akaanza kulia kwa sauti mbele ya soko zima. Nilimshika mkono tukapanda kwa miguu mpaka ofisini, tukaacha gari na ndagala zake njiani. Mlangoni nilitaka kumsemea. Akanizuia. "Niache. Mtoto wangu alisema peke yake."

Karani hakutaka kusikia. Alisema kesi hiyo imefungwa, ina mtu wake. Basi mzungu mwenyewe, mkuu wa teritwari, akatoka, akainua kofia yake mbele ya uso wa Yunusu, akauliza, "Hii ni nini?" Baba yako akafikiri. Akasema, "Ni kitabu, bwana." Hakuna aliyecheka.

Yuko gereza la hapa Fizi sasa. Nampelekea chakula, namwekea mkono kwenye sahani. Ananiuliza kila siku kama umeshatoka. Wanasema karatasi zako zimeondoka kwenda Uvira, lakini ulidanganya polisi, na kwa hilo utakaa kidogo kwanza. Vumilia. Mama yako yuko kwangu.

Mzee Waziri hali chakula changu siku hizi, anakula kwa kaka yake. Nilimwuliza kama baraza litaitazama amri upya. Akasema umri umebaki palepale. Nikamwuliza, na macho? Akasema, "Macho hayakuwa kwenye mazungumzo."

Kesho nateremka kwa watu wa Dorothée, niwaambie kabla hawajasikia sokoni. Mara ya kwanza nilikwenda kama shangazi wa aliyemwua, wakanipa kiti. Kesho nakwenda kama dada yake.

Shangazi yako,
Kulthumu